Chumba cha Thelathini

Kila Alhamisi, saa ya tatu ya masomo, mwalimu Archange alichora kibodi ubaoni kwa chaki, kisha akawaita wanafunzi wa mwaka wa tano waje kuandika mmoja mmoja. Walibonyeza vitufe vya chaki kwa vidole, naye alisimama pembeni na kijiti, akigusa mkono wa yeyote aliyetumia kidole kisicho cha kazi hiyo. Herufi A ilihitaji kuchorwa upya kila baada ya wanafunzi watano. Shule hiyo ya Kalembe haikuwa na kompyuta. Iliwahi kuwa nayo moja, ila ilichukuliwa na watu wenye bunduki ambao, kwa habari zilizofika baadaye, waliitumia kama kigoda.

Archange hakuona kwamba hiyo ni sababu ya kuharibu somo. Alikuwa amesomea Goma miaka mitatu, na sheria za lugha ya mashine alizijua kuliko alivyojua sala ya jioni. Basi alipoandika ubaoni tangazo la safu, yaani ule mstari unaoiambia mashine itenge nafasi ngapi na za kitu gani, nafasi zilitengwa, mashine iwepo isiwepo. Mwezi wa pili alitoa mfano wa safu ya viota kumi na viwili. Kengele ilipolia, nyuma ya darasa palikuwa na viota kumi na viwili vimepangwa kwa mstari ulionyooka, vyote vitupu. Kuku wa mkuu wa shule, Papa Jean-Marie, walivizoea siku ileile. Papa Jean-Marie alimwita Archange ofisini akamkumbusha kwamba ujenzi wowote ndani ya uwanja wa shule huombwa kwa barua, nakala mbili.

Mwaka ulikuwa 2008. Vita vilikuwa vimerudi Masisi, na mwezi wa tisa familia kutoka Muheto zilifika Kalembe na magodoro vichwani, zikalala madarasani. Asubuhi walitoka ili wanafunzi waingie, na jioni wanafunzi walitoka ili wao waingie. Mvua iliponyesha hakuna aliyetoka, na somo la historia lilifundishwa mbele ya wanafunzi ishirini, akina mama kumi na mmoja na mbuzi mmoja aliyelala muda wote, kama wengi wa wanafunzi.

Papa Jean-Marie alichoka kabla ya mbuzi.

"Archange, ile kintu yako ya viota," akasema, "inaweza kutoa nyumba?"

"Inaweza, Papa Prefet. Lakini lazima niseme kwanza ni ngapi. Ile lugha haianzi bila namba."

"Na ukikosea namba?"

"Nikiomba kidogo, bamoja banabaki inje. Nikiomba mingi, zinabaki bure. Na ikisha kukaa, hauiongeze tena."

"Basi uliza batu iko ngapi. Na uandike barua."

Hapo shida ikaanza, na haikuwa ya mashine. Archange alipita jiko kwa jiko akiuliza watu ni wangapi, na hakuna mama aliyemjibu. Watu hawahesabiwi. Ukimhesabu mtoto umemwonyesha kwa kifo, na kifo hakikosi kazi Masisi. Mama Adelaïde, mjane mwenye sauti ya kwaya, alimsikiliza mpaka mwisho huku akimenya muhogo.

"Sisi njo sisi," akamwambia.

"Ndiyo, mama. Lakini ni bangapi?"

"Tuko tu, mwalimu."

Archange aliandika "tuko tu" katika daftari lake, akaona maneno hayo hayataingia ndani ya mabano panapoandikwa idadi.

Aliyemwokoa ni Kanyere, mama mfanyabiashara wa Butembo aliyeuza chumvi, sabuni na betri kando ya barabara, na ambaye parokia ilikuwa imemkabidhi mambo ya wakimbizi kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa na kufuli. Kanyere alipitisha kikapu. Kila familia ikatia punje moja ya haragi. Kisha alikipeleka kikapu nyuma ya duka, mbali na macho ya kila mtu, akahesabu maharagi, na maharagi hayana mama wa kukasirika. Yalikuwa thelathini.

Jumatatu asubuhi Archange aliandika ubaoni:

Chumba safu[30];

Akarudi nyuma hatua mbili, akaangalia kama amesahau nukta-mkato, akaona ipo. Chini yake aliongeza mzunguko unaoingia kila chumba na kukifagia, kwa sababu mashine ikikupa nafasi haikufagilii. Inakupa pamoja na uchafu wa aliyekuwepo kabla yako. Hayo aliwafundisha wanafunzi kila mwaka, nao waliyaandika vizuri na kuyasahau vizuri.

Vyumba thelathini vilitokea kabla ya saa nne. Havikutokea uwanjani pa shule wala kijijini, maana safu haikubali kukatwakatwa. Inataka mahali pamoja, kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuvuka shamba la mtu. Kalembe nzima ni vipande: hapa maharagi ya huyu, pale migomba ya yule, katikati kaburi la babu yao wote wawili. Mahali pekee palipokuwa na urefu wa vyumba thelathini bila kukatika palikuwa malisho ya ng'ombe juu ya kijiji, kilima kizima chenye waya, mali ya tajiri mmoja aliyekaa Goma na ambaye watu walimjua kwa karatasi yake tu. Vyumba vilisimama humo, ukuta kwa ukuta, bati jipya, na namba juu ya kila mlango.

Msimamizi wa malisho aliitwa Evode. Alikuwa mzee mpole wa magoti mabovu. Alivikuta vyumba alipopandisha ng'ombe, akavizunguka, akasema vimekaa kwenye njia ya ng'ombe. Alipanda mpaka pale panapopatikana mtandao akampigia bwana wake. Bwana wake, mwenye moyo wa huruma, alisema wakimbizi wakae, na kila familia itoe siku mbili kwa juma kufyeka vichaka malishoni. Kila mtu aliona kwamba angeweza kusema vibaya zaidi.

Mchana wakagawa vyumba. Lugha aliyotumia Archange huanza kuhesabu kwenye sifuri, kwa hiyo milango ilikuwa na namba kutoka sifuri hadi ishirini na tisa. Wa kwanza mstarini alikuwa Mama Adelaïde. Aliuangalia mlango wake.

"Nilizaa, nililima, nilizika bwana," akasema. "Leo munanilaza mu zero?"

"Ni namba tu, mama," Archange akamwambia. "Njo ya kwanza."

"Ya kwanza iko moja."

Kanyere alimuunga mkono. Kwao Butembo jina la mtoto linasema kabisa ni wa ngapi kuzaliwa, na katika majina yote hayo hakuna hata moja la mtoto wa sifuri. Mama Adelaïde akabeba godoro lake hadi namba moja. Wa pili akaingia mbili, wa tatu akaingia tatu, na hivyo hivyo hadi familia ya ishirini na tisa ikaingia chumba cha ishirini na tisa. Chumba cha sifuri kikabaki wazi, kisafi, na hakuna aliyekitazama.

Familia ya thelathini ilikuwa ya Béata. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mkulima, bwana wake amepotea njiani tangu mwaka uliopita, na alikuwa amekwenda kisimani wakati wengine wakigawana. Alirudi na bidoni ya maji kichwani na watoto nyuma yake. Kanyere akamwambia yake ni thelathini. Béata alifuata milango akisoma namba, akapita ishirini na tisa, akakuta mlango mwingine, wa mbao za zamani, bila namba. Akausukuma.

Lugha ile haina mlinzi mpakani. Ukiomba nafasi ya thelathini katika safu inayoishia ishirini na tisa, haikwambii hakuna. Inakufungulia kilichopo pale pembeni, chochote kilichokuwa katika ardhi ile, na hakuna aliyekifagia.

Ndani kulikuwa na moto. Mwanamke alikaa kwenye kigoda akichagua maharagi katika ungo, na sufuria nyeusi ilikuwa ikichemka juu ya mafiga matatu. Alikuwa Muhawenimana, mama yake Béata, aliyezikwa Muheto miaka kumi na miwili iliyopita.

"Béata," akasema bila kuinua macho, "maji ulienda kuyatafuta mpaka Walikale?"

"Ku kisima kulikuwa batu mingi, mama."

"Kila siku batu mingi. Lete. Maharagi iko inaungua."

Béata alimimina maji sufuriani. Maji mengine yaliingia motoni. Alikuwa amezaliwa juu ya kilima hiki. Mwaka 1976, alipokuwa na miaka saba, kilima kiligeuzwa malisho kwa siku moja, na familia yake ikateremka hadi Muheto. Asubuhi ya siku ile alikuwa ametumwa maji. Sasa amefika nayo. Alifurahi mpaka akaona haya, kwa sababu alikuwa mtu mzima, na mama yake alikuwa mdogo kuliko yeye kwa miaka minane.

Muhawenimana aliona watoto mlangoni.

"Na aba ni ba nani?"

"Ni bangu."

"Vizuri. Banawe mikono."

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Nje yake shamba lilipanda hadi kileleni, mtama na maharagi kwa mistari, na katikati ya mtama walisimama ng'ombe wa tajiri wakila majani ya mwaka 2008. Mtama haukuwasumbua, nao hawakuusumbua. Juu kabisa lilisikika jembe, na kikohozi cha Nsengimana, baba yake Béata, ambaye hakupenda kuitwa kabla ya chakula kuiva.

Archange alifika na Papa Jean-Marie, wakakaribishwa, wakapewa maharagi. Archange alisimama akiangalia ukuta ambao hakuuandika, na uso ulimwiva kwa aibu ya kazi. Kosa lilikuwa lilelile ambalo kila mwaka huwakatia wanafunzi alama tano.

"Hapa hapako," akamwambia Béata. "Nataka kusema, iko, lakini mimi sikuiomba."

"Basi iombe, mwalimu. Andika thelathini na moja."

"Ile ya kwanza haivutwi, dada. Nikiandika thelathini na moja, inatafuta fasi ingine, inahamisha yote niliyoandika. Hii sikuandika. Itabaki."

"Na mama?"

"Atabaki hapa, na wewe utakuwa kule."

Béata alimwangalia mama yake, aliyekuwa akimwambia Papa Jean-Marie kwamba mtu mwenye cheo hali maharagi kwa kidole kimoja.

"Basi usiandike," akasema.

Saa kumi Evode alikuja na ng'ombe, kama alivyokuja saa kumi kwa miaka thelathini na miwili. Alisimama mlangoni akavua kofia.

"Evode," Muhawenimana akasema, "umezeeka."

"Njo vile, Mama Béata. Magoti."

"Pole. Weka ku magoti majivu ya moto usiku, ufunge na kitambaa."

"Aksanti." Evode aliigeuza kofia mikononi. "Saa ya kutoka imefika."

"Ninaona."

Muhawenimana akafunika moto kwa majivu. Akamwita bwana wake mara mbili, na jembe likanyamaza kule juu. Alitandaza kitenge, akapanga ungo, sahani na sufuria, akafunga fundo, akajitwika. Nsengimana aliteremka na jembe begani, akampita binti yake akiangalia njia, jinsi alivyopita siku ile, maana alikuwa mtu asiyependa kuonekana akilia. Evode aliwafungulia lango. Hatua kumi nje ya waya fundo liliachia, sufuria ikaanguka, na maharagi yakamwagika njiani. Muhawenimana akakaa chini akalia.

Béata akakumbuka. Mwaka ule vilevile mama yake hakukililia kilima. Aliililia sufuria, na njia nzima hadi Muheto alikuwa akisema, kumbe yalikuwa yameiva.

Kesho yake asubuhi Muhawenimana alikuwa kwenye kigoda akichagua maharagi, akauliza kama maji yalitafutwa Walikale.

Baada ya juma moja alikuja ofisa wa serikali, Papa Constantin, kwa pikipiki, na karatasi za ripoti katika mfuko wa plastiki. Alikuwa ameitwa na Kanyere, aliyeamini kwamba jambo likiwa wazi namna hii hata serikali italiona. Constantin aliliona. Alipima chumba kwa hatua. Aliangalia jembe, likiwa na alama ya Nsengimana iliyochomwa kwenye mpini. Alishika mafiga, yakamuunguza, akaandika kwamba yanaunguza. Alikula sahani mbili, akaandika pia kwamba chumvi inatosha.

"Mama," akamwambia Muhawenimana, "uko na karatasi ya hii shamba?"

"Karatasi ya nini? Niko napika."

"Patron wa Goma iko nayo. Imeandikwa mwaka 1976. Hii sufuria yako haina tarehe."

"Ina maharagi."

Constantin alikubali kwamba ina maharagi, na aliliandika hilo. Kisha aliwaeleza wote, kwa upole, maana alikuwa ameshiba, kwamba marehemu hawezi kutoa ushahidi, na Béata naye wakati ule alikuwa mtoto wa miaka saba, na mtoto pia hawezi. Kuhusu Evode, ambaye alikuwepo, alikuwa mkubwa na bado hai, Evode alikuwa mfanyakazi wa mwenye karatasi, na mtu hashuhudii dhidi ya sahani yake. Evode alisema hiyo ni kweli. Ripoti ilipelekwa ofisini, ikawekwa pamoja na ripoti nyingine za kilima hicho, kwa sababu ilionekana zilikuwepo nyingine.

Kanyere alikasirika hadi akafunga duka siku nzima, jambo ambalo hata vita havikuwahi kumfanyia.

"Kintu umekikula kwa mudomo yako," alimfokea Constantin, aliyekuwa tayari juu ya pikipiki, "utasemaje haiko?"

"Sikusema haiko, mama. Nilisema haiko ku liste."

Na liste ndiyo iliyoleta unga. Mashirika ya misaada yaligawa kwa kufuata orodha ya vyumba, na thelathini haikuwemo. Béata akaandikwa chumba cha sifuri, kisafi, chenye bati jipya, ambako watoto wake walilala na kupata unga wao kama wengine. Siku ya kugawa, karani alisoma kwa sauti, "Zero," naye Béata alijibu "Niko" bila kuinamisha kichwa. Mama Adelaïde, aliyeikataa namba hiyo, alimpisha mbele kila mara.

Evode alitafakari habari ya kazi. Siku mbili kwa juma zilikuwa za walioandikwa. Kwa sifuri, Béata alipaswa kutoa siku mbili. Lakini alitumia pia chumba cha thelathini, ambacho hakikuwa katika mapatano, na kwa kuwa mapatano hayakukitaja, hakuna kilichosema kinatumiwa bure. Evode alipanda kuuliza kwenye mtandao, akarudi akisema bwana amesema siku mbili nyingine. Alisema hivyo akiangalia magoti yake.

Basi siku nne kwa juma Béata alifyeka vichaka katika malisho ya tajiri, juu ya kilima, na upande wa kushoto wake, umbali wa mikono mitatu, jembe la baba yake lililima mtama. Walifanya kazi hivyo asubuhi nzima. Mara nyingine Nsengimana alipiga jiwe, akatukana kwa Kinyarwanda, na Béata akacheka peke yake, na wenzake wakasubiri amalize.

Siku zilipokuwa nyingi, alimwomba Evode aruhusiwe kuteremka saa tisa na nusu. Evode alisema siku za chumba kisicho katika orodha hazina saa, ateremke anapotaka. Siku hiyo Béata alimkuta mama yake akitandaza kitenge. Akapiga magoti upande wa pili, akaipanga sufuria chini, ungo juu yake, sahani katikati, akavuta pembe nne za kitenge, akazifunga mara mbili na kupitisha ncha moja chini ya nyingine.

Muhawenimana akalivuta fundo. Halikuachia. Akalivuta tena kwa nguvu zote za mwanamke wa miaka thelathini na moja.

"Nani alikufundisha kufunga hivi?"

"Nimekimbia mara sita, mama."

Mama yake alimtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu wakutane, akitafuta kitu.

"Njo inaonekana," akasema, akajitwika mzigo.

Evode alikuwa amekwisha kufungua lango. Aliwapisha, kofia mkononi, Muhawenimana mbele na Nsengimana nyuma, wakapita pale mahali bila kitu kuanguka, wakaendelea na njia ya Muheto. Kisha akavaa kofia yake, akaingiza ng'ombe.